Hatua Kumi Mbele ya Trekta

Fundi niliyemjua mimi alikuwa na desturi moja iliyowatia watu jasho la mgongo. Akimaliza kutengeneza breki za trekta hakuwa akimwambia mwenyewe chukua, imepona. Alichora mstari barabarani kwa kisigino, akahesabu hatua kumi kutoka kwenye ule mstari, akageuka, akasimama katikati ya njia na mikono nyuma. Kisha alimwambia mwenye trekta aipandishe juu ya mteremko, ashuke kwa mwendo wake wa kila siku, na asiguse breki mpaka gurudumu la mbele likanyage mstari. Trekta ikisimama, Fundi aliinama akapima kwa shibiri nafasi iliyobaki kati ya tairi na goti lake. Shibiri nne alikubali. Chini ya hapo alirudi kwenye spana zake.

Wako waliokataa. Nimemwona mwanamume mzima akishuka kwenye kiti, midomo imekauka, akisema hawezi, afadhali Fundi aweke pipa pale. Fundi akamjibu kwa ule upole wake uliouma kuliko tusi: "Barabarani hutakutana na pipa, bwana wangu. Utakutana na mtu. Basi na tuanze na mimi." Yule bwana akapanda tena, akashuka mteremko, akasimama vizuri tu, kisha akaenda nyuma ya karakana kutapika.

Alikozaliwa na wazee wake walikuwa nani sikupata kuuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha mji wa kale wa Malindi, kile cha kukufanya ujione umevaa nguo chafu hata ukiwa umetoka kuoga. Karakana yake ilikuwa Kibarani, pale Kilifi, ua wa makuti uliojaa vyuma alivyokataa kuviuza. Sisi ni watu wa bara, huku nyuma ya Kilifi kwenye udongo mwekundu na miteremko, tunalima mahindi na mihogo, na trekta ya baba yangu ndiyo iliyokuwa ikilimia karibu kila mtu. Baba alimwita Fundi, mama akamwita Fundi, nasi watoto tukafuata hivyo hivyo. Jina lake nililisikia mara moja tu, likisomwa na muuguzi, na hiyo ni siku nitakayoifikia, sina pa kukimbilia.

Alichukia neno "imekataa." Ukimwendea ukasema, "Fundi, breki imekataa," alikutazama kuanzia kichwani hadi vidoleni. "Imekataa? Ilikuambia?" Kisha alisubiri mpaka useme vizuri: pedali inazama, au pedali ni ngumu, au trekta inavuta upande, asubuhi au mchana, ikiwa na tela au bila tela. Nilipokuwa msichana nilidhani anawaonea watu. Siku hizi wanaponiletea trekta zao mimi na kuniambia imekataa, nasikia ulimi wangu ukiuliza, "Ilikuambia?" na ninacheka peke yangu.

Kiatu hakukiamini. Kabla ya kugusa chochote alivua ndala ya mguu wa kulia, akapanda kwenye kiti, akakanyaga pedali kwa unyayo mtupu, macho kafumba. Pedali ikizama polepole chini ya mguu, mpira wa ndani ya pampu unapitisha mafuta. Ikiwa laini na kudundadunda, kuna hewa kwenye bomba. Ikiwa ngumu na hairudi, kuna kitu kimeziba. Yote hayo aliyasikia kwa unyayo. Ule mguu wa kulia ndio uliokuwa kipimo chake, na aliutunza kuliko mikono. Mikono ilikuwa na makovu kila mahali lakini unyayo ule aliusugua kwa jiwe na kuupaka mafuta kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini.

Na ajabu yake, mtu huyu aliyesimama mbele ya tani za chuma aliogopa bodaboda. Kijana akisimama kumpakia, Fundi alikamata kwanza breki ya mkononi, akaibinya mara tatu, akakanyaga ya nyuma, akazunguka pikipiki, akauliza maswali. Vijana wa stendi ya Kilifi walimkimbia. Zaidi ya mara moja alifika kwetu kwa miguu kutoka barabara kuu, boksi la spana begani, kanzu imekuwa nyekundu kwa vumbi, na mama akamkaribisha chai naye akasema, "Nashukuru, mama, lakini sijaisikia pedali bado." Chai hakuigusa mpaka kazi iishe, hata ikipoa ikaota ngozi.

Swali lake la kwanza kwa mwenye trekta lilikuwa moja siku zote. Hakuuliza imeharibika nini. Aliuliza: "Mara ya mwisho ulitia nini humu?"

Hapo inanilazimu nieleze jinsi trekta kuukuu kama ile yetu ilivyo. Ina pedali mbili za breki, zimekaa pamoja upande wa mguu wa kulia, moja ya gurudumu la kushoto na nyingine ya gurudumu la kulia. Shambani unazitenganisha, ukifika mwisho wa mstari unakanyaga moja na trekta inageuka papo hapo. Barabarani unazifunga kwa kipande cha chuma ziende pamoja. Kila pedali ina pampu yake na kikombe chake cha mafuta, na mafuta yenyewe yana aina yake, ukitia mengine mpira wa ndani unaharibika. Upande mmoja ukikamata na mwingine usikamate, trekta haisimami. Inageuka. Na dereva ataapa kwamba ubaya uko kwenye usukani.

Baba alipofariki aliacha neno mbele yetu sote: kiti cha trekta ni cha anayeijua. Aliyekuwa akiijua ni mimi. Kaka yangu mkubwa alikuwa na duka lake mjini na hakuwahi kushika hata plau, lakini neno lile lilimkaa kooni. Mwanamke juu ya trekta, watu watasema nini. Kila nilipopata hitilafu ndogo alikuja na habari ya mtu anayenunua vyuma chakavu. Mimi nilikuwa na watoto watatu na mume aliyekwenda zake, na trekta ile ndiyo iliyokuwa ikituweka hai. Nilijua kwamba kosa moja kubwa litatosha. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa nikiendesha nayo, na ndiyo iliyonifanya niwe muongo.

Mwaka ule, mvua zikiwa zimeanza kupungua, nilikuwa narudi kutoka kulima shamba la mama mmoja mbali na kwetu, pedali ya kushoto ikazama mpaka chini. Nilifunua kikombe, kikavu. Mafuta ya breki sikuwa nayo na duka halikuwepo karibu. Yule mama, Mungu ambariki, aliingia ndani akatoka na chupa ya mafuta ya nazi aliyokamua mwenyewe. "Si mafuta ni mafuta?" akasema. Nilijua si kweli. Lakini jua lilikuwa linashuka, mbele yangu palikuwa na mteremko, nami nikatia nusu chupa. Pedali ikapanda. Nikafika nyumbani salama, nikajiambia kesho nitayamwaga.

Kesho nilikuwa na shamba jingine la kulima. Keshokutwa jingine. Breki ilikamata vizuri, wiki ikapita, mwezi ukapita, nami nikasahau, au nilijisahaulisha, sijui tofauti yake ni nini.

Kikaja kipupwe. Ndipo trekta ikaanza vituko. Asubuhi na mapema ilivuta kushoto, jua likipanda inatulia, mchana unaweza kuiendesha kwa kidole. Nikajaza upepo tairi za mbele, nikakaza nati, wapi. Asubuhi moja nilikuwa napita penye bomba la maji, kina mama wamepanga foleni na madumu yao, nikakanyaga breki kidogo tu kupunguza mwendo. Trekta ikaniponyoka, ikaenda kushoto moja kwa moja kwenye foleni. Walitawanyika. Madumu mawili yalisagwa. Mama mja mzito alianguka akajikwaruza viganja, na namshukuru Mungu hadi leo kwamba hayakuwa zaidi ya hayo.

Jioni ile ile kaka alikuwa kwetu. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha baba akasema, "Mwite Fundi wako. Akipata ubaya ulipo, sawa. Asipoupata, naiuza kama chuma."

Fundi akaja. Kaka akasimama pale pale, mkono kwenye bawa la gurudumu, lile bati linalolifunika, kama mwenye mali. Fundi akanisalimia, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, mwanangu. Kisha akauliza swali lake.

"Mara ya mwisho ulitia nini humu?"

Macho ya kaka yalikuwa juu yangu. Nikasema, "Mafuta ya breki, Fundi. Chupa mpya."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote: hakufunua kile kikombe kwa sababu mimi nilikuwa binti wa baba yangu na nilikuwa nimesema. Alikanyaga pedali kwa unyayo, jua limeshapanda, akaikuta haina neno, akaelekea kwenye usukani. Alifuata utaratibu wake, upepo kwanza, kisha mafuta, kisha ndipo uguse chuma. Alipofungua kifuniko cha mafuta ya usukani akakuta povu jeupe kama la sabuni. "Hewa," akasema, na akatumia siku mbili kuitafuta inakoingilia. Bomba linalonyonya mafuta lina ubaya mmoja, likilegea halivuji nje, linavuta hewa kuingia ndani, kwa hiyo hutaona hata tone chini. Alilipata. Kibano kilikuwa kimelegea. Akakikaza, akajaza mafuta, akatoa hewa kwa kuzungusha usukani mwisho hadi mwisho, na usukani ukawa mwepesi kama ulivyokuwa wakati wa baba. Lilikuwa kosa la kweli, ila silo lililokuwa linatuua.

Mchana ule alichora mstari wake akasimama. Nikashuka, nikakanyaga, trekta ikasimama sawasawa. Shibiri tano. Nilipumua. Kaka akasema, "Ubaya wake ni wa asubuhi, Fundi. Mchana huwa haina neno."

"Basi kesho asubuhi," akasema Fundi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo jioni nzima, alipokuwa akila kwetu barazani, na nilikuwa nayo asubuhi, nilipommwagia maji mikononi anawe. Na jambo la kunifanya nijipige makofi ni hili: asubuhi ile ile, kabla ya kutoka, nilichukua chupa yangu ya mafuta ya nazi ya nywele, nikaikuta imeganda nyeupe kama inavyoganda kila kipupwe katika kila nyumba ya pwani hii, nikaiweka juani dirishani iyeyuke. Mikono yangu ilifanya hivyo na akili yangu haikuunganisha. Watu wengine wasingeweza kukosea namna hiyo kwa sababu wasingelikuwa na mafuta hayo. Sisi tunayo, na tunajua tabia yake tangu utotoni, na mimi bado sikuona.

Nikapandisha trekta juu. Nikaishika kwa breki pale juu wakati nageuza, nikaachia, nikaanza kushuka. Hatua chache tu nikaihisi. Inavuta kushoto. Fundi alinifundisha tangu nikiwa msichana kwamba dereva akihisi kitu husimama, haendi mbele kuhakikisha. Ningesimama pale, juu, mbali naye, hakuna ambalo lingetokea. Lakini kaka alikuwa amesimama kando ya njia amefunga mikono kifuani, na mimi nikaushika usukani kulia kwa nguvu zangu zote nikasema moyoni nitaiweza.

Fundi alikuwa katikati ya njia, mikono nyuma, ndala ya kulia kaivua tayari kwa kupanda baadaye. Gurudumu likakanyaga mstari. Nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu kama nimekanyaga ardhi, gurudumu la kushoto likakamata lote, na trekta ikageuka kushoto. Naye alikuwa ameanza kuruka upande ule ule. Tulikutana huko. Niliona uso wake karibu kabisa, haukuwa na hofu, ulikuwa na mshangao wa mtu aliyepigiwa hesabu mbaya. Tairi la mbele lilipanda juu ya mguu wake wa kulia, ule mtupu, likasimama hapo.

Sitaeleza sauti. Kaka na majirani wawili walikuja, nikairudisha trekta nyuma, wakambeba. Hospitali ilikuwa mbali na gari lilikuwa linatafutwa. Fundi, jasho likimtoka usoni, akasema, "Nipelekeni kwenye gurudumu la kushoto."

"Fundi, mguu," nikasema nalia.

"Nipelekeni."

Wakamkalisha chini karibu nalo. Akaweka kiganja kwenye chuma cha gurudumu. Lilikuwa la moto, na tulikuwa tumeenda mwendo wa kurusha jiwe tu. Akataka apelekwe kwenye la kulia; lilikuwa baridi. Akarudishwa kushoto akaniambia, "Funua kikombe."

Nikakifunua. Ndani palikuwa peupe, pameganda. Hapo ndipo nilipoelewa: nazi iliganda kwa baridi ya asubuhi, haikurudi kikombeni nilipoachia pedali, na breki ya kushoto ikabaki imeshika. Niliinamisha kikombe aone yeye, mgongo wangu ukiwa umemziba kaka. Fundi akachota kwa kidole, akanusa, akanitazama. Kisha ule mchoto akaupaka polepole kwenye ugoko wake juu ya pale palipovunjika, kama mtu anayejipaka baada ya kuoga, ukayeyuka na joto la mwili wake ukapotea.

"Ni nini?" kaka akauliza kutoka nyuma.

"Mpira wa pampu ya kushoto umevimba," akasema Fundi. "Ni uzee wake tu. Binti hana kosa. Usiiuze, nitaitengeneza."

Mtu huyu alikuwa amewahi kumfukuza mteja karakanani kwa sababu ya uongo wa nati moja. Ule ndio uongo pekee niliomsikia akiusema, na aliusema kwa ajili yangu. Kule hospitali, muuguzi alipolisoma jina lake mlangoni sikujua ni yeye anayeitwa, nikabaki nimekaa mpaka kaka akanigusa bega.

Alirudi baada ya miezi na fimbo, mguu umepinda kifundoni. Aliketi kwenye kigoda akaniambia la kufanya: kumwaga yote, kufungua mabomba yote, kuosha, kutupa kila mpira, kutia mipya, kuanza kutoa hewa upande ulio mbali na pampu. Alizungumza nami vizuri. Hakuuliza swali lake. Nilipomaliza alichora mstari kwa ncha ya fimbo, akahesabu hatua kumi akichechemea, na pale mwisho akaweka dumu la manjano la lita ishirini, limejaa maji. Akaenda kukaa kando.

"Haya," akasema. "Shuka."

Nikadhani ni mguu. Nikajiambia maskini, hawezi tena kusimama mbele ya kitu. Basi mwaka uliofuata nilimpelekea pampu karakanani Kibarani, nikamkuta amesimama barabarani na fimbo yake, mikono nyuma, mbele ya trekta ya mtu nisiyemjua. Nikaja kuulizia. Kwa watu wote alisimama kama zamani. Kwangu aliweka dumu.

Hivyo ndivyo alivyonifundisha kazi hii, kwa miaka. Alinipa yote aliyokuwa nayo. Kwa kuwa unyayo wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, alinivulisha mimi viatu, akawa anauliza, "Unasikia nini?" nami nikawa mguu wake. Alinionyesha mabomba ya usukani, vali, namna ya kujua pampu iliyochoka kwa mlio wake. Wateja walipoanza kuja kwangu badala yake hakukasirika, aliwatuma yeye mwenyewe. Lakini kila nilipomwita aje kukagua breki nilizotengeneza kwenye trekta yangu, mstari ukichorwa na hatua kumi zikiisha, paliwekwa dumu. Hakusema neno juu yake, wala mimi. Nimeligonga dumu lile mara mbili katika miaka ile, na mara zote mbili niliona heri angenitukana.

Kipupwe kilichopita nilifungua breki za trekta yangu kote kote, nikabadilisha pampu zote mbili, nikamtumia salamu. Alikuja kwa bodaboda, na sikumsikia hata akiuliza habari ya breki zake, ndipo nikajua amezeeka. Macho yalikuwa na utando. Kijana alimshusha, akashika bawa la gurudumu kujua yuko wapi. Kaka alikuwepo, siku hizi huja kunywa chai tu na kulalamikia magoti, lakini ufunguo wa pili wa trekta bado anao mfukoni, na kila mtu hapa kwetu anajua anao.

"Shikamoo, Fundi," nikasema kutoka kwenye kiti cha trekta.

"Marahaba." Akapapasa hadi kwenye vikombe vya mafuta, akavigusa kimoja kimoja kwa kidole. Sijui kama ni uzee uliomrudisha nyuma au aliamua. Miaka yote ile tangu ajali hakuwa ameniuliza, na siku ile akauliza: "Mara ya mwisho ulitia nini humu?"

Jibu la siku ile lilikuwa rahisi. Mafuta ya breki, chupa mpya, na ilikuwa kweli, chupa yenyewe iko pale chini imefunguliwa asubuhi ile. Kaka alikuwa anapuliza chai yake.

"Nazi, Fundi," nikasema. "Nilitia mafuta ya nazi. Upande wa kushoto, mwaka ule. Nikakudanganya hapa hapa, mbele ya kaka. Na asubuhi ile niliihisi inavuta tangu juu, na sikusimama."

Kaka akaweka kikombe chini. "Unasemaje?"

Nilikuwa namtazama Fundi. Alikuwa ameinamisha kichwa, kidole bado kiko kwenye kikombe cha kushoto.

"Chupa nzima?" akauliza.

"Nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Nilijipaka kichwani."

Akatoa pumzi puani, nusu ya kicheko. Kaka alikuwa amesimama, mkono mfukoni, akitoa ufunguo au akiutafuta. "Shuka kwenye hiyo trekta," akaniambia. "Miaka yote hii mzee wa watu anatembea hivyo, kumbe wewe. Shuka."

"Kaa, bwana," akasema Fundi. Hakuinua sauti. "Mguu ni wangu. Chai yako inapoa."

Kaka akabaki amesimama, kisha akakaa. Fundi akachukua fimbo yake akaenda barabarani. Alichora mstari. Alihesabu hatua kumi kwa sauti, moja baada ya nyingine, na ile ya saba alikosea kidogo akaanza tena. Dumu lilikuwa pale tayari, nimelijaza mwenyewe asubuhi kama kawaida. Alilipata kwa ncha ya fimbo. Akalishika mpini, akaliburuta hadi kando ya njia, maji yakimmwagikia kanzu, akarudi akasimama pale lilipokuwa. Akaivua ndala. Akaweka mikono nyuma, uso umenielekea, ingawa sidhani kama aliniona.

"Usije polepole," akasema. "Njoo kwa mwendo wako."

Nilivua viatu. Nikaipandisha trekta juu ya mteremko, nikageuza, nikashika kwa breki, nikaachia, nikasikiliza. Usukani ulikuwa umenyooka. Hatua chache za kwanza niliziendesha nikiwa tayari kusimama, na hakukuwa na kitu cha kunisimamisha, nikaachilia trekta ishuke. Alikuwa anakua mbele yangu, kanzu imeloa upande mmoja, hakusogea. Gurudumu likakanyaga mstari nami nikakanyaga pedali kwa unyayo mtupu.

Ilisimama. Nilizima injini.

Fundi akainama, akapapasa tairi, lilikuwa limekengeuka kushoto kidogo tu, akapapasa goti lake, akapima. Alipima mara mbili.

"Shibiri tatu na vidole," akasema. "Kuna hewa kidogo upande wa kulia, mwanangu. Itoe, kisha urudi juu. Mimi niko hapa."